Kingamwili za Salha

Jumatatu, 14 Julai

Alfajiri sukari ya Salha 2.9. Kijiko cha asali, kipande cha mkate, tumekaa kitandani tukingoja. Baada ya swala imefika 5. Nimemchoma sindano ya asubuhi, amekula muhogo na samaki wa jana, amevaa sare, ameenda. Saa saba amerudi kutoka shule, kitu cha kwanza ni mtungi wa maji. Nimempima. 23.

Ndivyo ilivyo tangu baada ya mfungo. Chini alfajiri, juu mchana. Chakula kile kile, dozi ile ile, mkono ule ule unaochoma.

Salha ametimiza miaka kumi wiki iliyopita. Miwili kati ya hiyo ni ya sindano.

Wateja wa barafu wamekuja mapema, boti za dagaa zimerudi nyingi. Barafu ya samaki imekwisha. Barafu za ukwaju nazo zimekwisha saa ya mapumziko ya shule. Bega linaniuma kwa kuvunjavunja. Ridhi, mdogo wake Salha, ana kikohozi tena.

Alhamisi, 17 Julai

Kliniki ya watoto wa kisukari. Nesi ameangalia namba za Salha, akavua miwani.

"Mama Salha, huyu mtoto anakula nini?"

Nikamtajia.

"Na kwenu si ndiko wanakouza barafu za ukwaju?"

Wamama wote wakanigeukia. Nikasema ndiyo, mimi ndiye ninayeuza.

"Basi."

Neno hilo moja tu. Salha alikuwa amekaa ubavuni kwangu, akaangalia miguu yake.

Nikamwambia nesi kwamba alfajiri inashuka. Akasema mtoto akila tamu kwa siri mchana, na mama akiogopa akazidisha dozi jioni, lazima ishuke. Sijawahi kuzidisha dozi. Akauliza kama insulini naiweka kwenye friza la biashara, maana ikiganda inakufa. Haijawahi kuingia humo. Inakaa ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa maji, chini ya kitanda, kama walivyonifundisha wenyewe. Akaandika. Wameongeza dozi zote mbili.

Nimerudi nina hasira. Zaidi ya hasira nina aibu, na sielewi ni aibu ya nini.

Jumamosi, 19 Julai

Wifi Tatu amefika kisiwani na boti ya Nyamisati. Dada mkubwa wa Baba Salha, anakaa Mbagala. Amekuja kwenye harusi ya binamu yao kule Baleni, atakaa kwetu. Ametapika njia nzima kwa mawimbi, na bado amefika na viatu vya Salha, gauni, na gari la Ridhi la kuvuta kwa kamba. Ndivyo alivyo. Mkono wake haujawahi kuja mtupu.

Mchana aliniona nikimpima Salha. 21. Akashika mdomo.

"Wifi, na unamwacha aende kucheza hivyo hivyo?"

Nikamwambia akicheza inashuka kidogo. Hakuridhika. Wakati wa chakula akamwambia kaka yake mbele yangu: "Nipeni huyu mtoto nikakae naye mie. Kwangu hakuna kitu kitamu hata cha kulamba. Na hospitali kubwa zipo mlangoni."

Baba Salha alitafuna, hakujibu. Laiti angejibu.

Wifi hakujaliwa mtoto. Nampenda. Leo sikumpenda.

Jumanne, 22 Julai

Nimeacha barafu za ukwaju. Watoto wa shule wamekuja, nimewaambia hakuna. Nauza barafu ya samaki peke yake.

Kisha nimefanya jambo. Nimengoja Salha aende kuoga, nikafungua begi lake la shule. Madaftari, rula iliyovunjika, kalamu. Nikakung'uta. Nikanusa mifuko ya sare. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama mlangoni na kata ya maji mkononi.

"Mama, unatafuta nini?"

"Hakuna."

"Unatafuta pipi."

Akaja, akachukua sare yake, akaipindua mifuko nje, mmoja baada ya mwingine, akaniwekea mapajani. Kisha akarudi kuoga. Nilisikia maji yanamwagika muda mrefu.

Ijumaa, 25 Julai

Hakuna sukari nyumba hii, hata ya chai. Wifi ameifunga kwenye mfuko akampa jirani. Ridhi anakunywa chai huku anakunja uso. Baba Salha anakunywa kimya.

Mchana 24. Alfajiri ya leo 2.4, chini kuliko zamani. Dozi imepanda, mchana haukusikia, alfajiri imesikia.

Kama anakula kwa siri, anakula nini na anakipata wapi? Wifi anamsindikiza shule asubuhi na mchana anamfuata. Na kama hali, hiyo sukari inatoka wapi?

Salha anajibu "ndiyo" na "hapana". Zaidi ya hapo hasemi na mimi.

Jumapili, 27 Julai

Leo nimeona mwanangu anakufa.

Niliamka kabla ya adhana ili nimpime. Nikasikia kitanda kinagonga ukuta. Mikono imekakamaa, macho yamegeuka, povu. Nilimpaka asali kwenye ufizi kwa kidole, kikaumwa, sikusikia maumivu. Wifi anapiga kelele, Ridhi analia. Baba Salha alitoka mbio bila shati, akarudi na bodaboda. Mimi nyuma, Salha katikati, kichwa chake begani kwa dereva. Yule kijana aliendesha huku akisoma dua kwa sauti. Sikumuuliza jina.

Hospitali wamempima, 1.3. Wakamtia maji ya sukari kwenye mshipa. Miezi yote tunamkataza sukari, leo inaingia moja kwa moja kwenye damu, na mimi nasema alhamdulillah kila tone linaposhuka.

Amefumbua macho jua limeshatoka. Kitu cha kwanza alichosema: "Mama, sijala kitu."

Jumanne, 29 Julai

Wodini bado. Kuna daktari mpya, Dakta Edna, msichana wa bara. Aliniamkia shikamoo kabla ya kugusa faili. Amemkagua Salha mapaja na tumbo, kwa vidole, akitafuta mabonge ya sindano. Hakuna. Ameangalia kichupa chetu cha insulini, tarehe yake, rangi yake. Kizima. Akaniambia nimchome yeye mwenyewe mkononi kwa maji matupu, aone ninavyochoma. Nimechoma sawa.

Kisha akasema: "Mama, nitakuomba jambo. Kuanzia sasa usimguse. Insulini itakuwa ya hapa, atachoma nesi. Chakula kitapita kwa nesi kwanza. Wewe kaa tu naye."

Nikajua maana yake. Wananipima mimi.

Nimekubali. Wapime.

Alhamisi, 31 Julai

Nesi yule yule wa kliniki ndiye aliyepewa kazi. Amechoma yeye. Chakula amekiangalia yeye, kijiko kwa kijiko. Mchana wa jana 22. Leo alfajiri 3.0, alimpa maziwa yeye mwenyewe. Mchana wa leo 23.

Aliitazama mashine, akapima tena kidole kingine. 23.

Tulisimama pande mbili za kitanda kama watu waliokutana msibani.

Salha ndiye aliyesema, bila kutuangalia: "Mnaona."

Ijumaa, 1 Agosti

Dakta Edna ametuita mimi na Baba Salha. Amezungumza na bingwa wa watoto Dar kwa simu. Nataka kuandika alivyonieleza, nisije nikasahau.

Amesema insulini ninayomchoma inaingia mwilini vizuri. Lakini mwili una walinzi wake, wanaitwa kingamwili, kazi yao kukamata wageni. Kwa watu wengine walinzi hao wanaiona insulini ya sindano kuwa mgeni. Wanaikamata na kuishikilia. Mchana insulini imo ndani ya damu lakini haifanyi kazi, imeshikwa, sukari inapanda. Halafu baada ya saa nyingi wanaiachia, wakati mtoto amelala na hajala. Sukari inaporomoka.

Baba Salha akauliza: "Kwa hiyo tukiongeza dozi?"

"Tunawapa cha kushika zaidi. Na cha kuachia zaidi."

Akatuambia hataki kutudanganya, hana uhakika. Watoto wengi wanaochoma insulini wana kingamwili hizo na haziwasumbui kabisa. Ni lazima zipimwe, ijulikane ni nyingi kiasi gani. Hapa hakipo kipimo hicho. Damu itakwenda Dar, na huko watasaidiwa na maabara ya nje. Itachukua muda. Kwa sasa amepunguza dozi ya jioni. Mchana utabaki juu, amesema, lakini heri juu kuliko lile la Jumapili.

Wametoa damu kabla ya sindano ya asubuhi. Wakaizungusha kwenye mashine yao, yakabaki maji ya njano kidogo tu. Nimetoa barafu yangu mimi ya kupangia kwenye boksi. Limekwenda uwanja wa ndege.

Tumeruhusiwa kurudi nyumbani.

Jumatano, 6 Agosti

Wifi haondoki. Harusi imekwisha, yeye yupo. Anasema hawezi kumwacha mtoto katika hali hii. Anamfulia, anamsuka, anamsomea. Nikimchoma sindano anatoka nje.

Leo amesema mbele ya Baba Salha: "Hizo kingamwili ni maneno ya daktari mtoto. Mtoto aende Dar."

Baba Salha amesema tufikirie.

Nimemjibu, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, kwamba mimi nimeshafikiria. Salha haendi popote mpaka majibu yarudi. Kisha nimetoka kuvunja barafu. Nimevunja hata isiyohitajika.

Ninachoogopa zaidi ni hiki: itakuwaje kipimo kikisema hakuna kitu? Basi nitakuwa nimebaki mimi tu. Mimi ndiye nitakayekuwa ugonjwa wenyewe.

Jumatatu, 11 Agosti

Damu imeharibika. Siku ile ndege ilichelewa kwa upepo, boksi likakaa mahali penye jua, likafika la moto. Maabara imeikataa. Dakta Edna alinipigia mwenyewe, hakumtuma mtu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia au anayekaribia.

Inabidi itolewe nyingine.

Nimemwambia Salha. Amesema hapana. Nikamwambia ni mara moja tu. Amesema hapana, vidole vyake vina matundu, mapaja yana matundu, na damu ya mkononi alikwishatoa, wao ndio walioipoteza.

"Na hata mkijua, mtasema nimekula."

Nimekaa naye chini sakafuni. Nikamwambia kweli: lile begi, nilikosea. Nilipekua kwa sababu niliogopa, na nilipoogopa nilitaka iwe rahisi. Ingekuwa pipi ingekuwa rahisi. Ningezitupa, ingekwisha.

Akaniegemea begani.

Jumatano, 13 Agosti

Ametoa damu. Alijifunga mkono mwenyewe kwa ule mpira wa kutolea damu, akakaza kwa meno. Nesi akamwambia "Hodari." Hakumwangalia.

Jambo ambalo sikulitegemea: Baba Salha amesema boksi atalipeleka yeye. Nikamwambia ana mashine tatu za boti za watu zimefunguliwa pale pwani, na wenyewe wanataka kwenda baharini. Amesema watangoja.

Nimepanga barafu mwenyewe, tabaka kwa tabaka, nikaizungushia gunia, na juu ya gunia kanga yangu. Amepanda boti ya Nyamisati. Upepo wa kusi umeichafua bahari, boti imeondoka imeinamia upande. Yeye amekaa chini katikati, boksi mapajani, amelikumbatia kwa mikono miwili. Wenzake wote wameshika kamba na mbao. Yeye hakushika kitu kingine.

Mume huyu mara nyingi simwelewi. Leo nilimwelewa.

Alhamisi, 14 Agosti

Amepiga simu kutoka Dar. Kichupa cha damu kimefika kingali baridi. Wamekipokea. Amesema neno "wamekipokea" mara nyingi.

Jumatano, 20 Agosti

Kungoja. Alfajiri 3.6. Mchana 20.

Shule wameniita. Mwalimu anasema Salha anasinzia darasani na anaomba kwenda chooni kila wakati, wenzake wamempa jina. Mwalimu hakutaka kunitajia jina hilo. Nimekwenda darasani kwa ruhusa yake, nikawaeleza watoto wenzake kisukari ni nini. Wameuliza maswali mazuri kuliko ya watu wazima. Mmoja ameuliza kama sindano inauma. Salha akasimama akajibu yeye: "Ya tumboni kidogo. Ya kidole ndiyo mbaya." Akakaa. Nyuso zote zilimtazama kwa heshima.

Alhamisi, 28 Agosti

Hakuna majibu.

Wifi amerudi Mbagala. Tuliagana vibaya. Alipokuwa anafunga mizigo aliniambia: "Mie sikuja kukunyang'anya." Nikasema, "Najua." Lakini nilisema kwa haraka mno na yeye aliona. Salha alimsindikiza mpaka bandarini. Mimi nilisema nina wateja.

Sikuwa na wateja.

Jumamosi, 6 Septemba

Alfajiri 2.7. Nilidhani tumeyapita haya. Amekunywa maji ya asali akatapika, akanywa tena. Nilimshika kichwa nikawa nahesabu pumzi. Sina nguvu. Nimeandika hivi kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia kwamba sina nguvu.

Alhamisi, 11 Septemba

Majibu.

Dakta Edna alituita wote watatu. Alikuwa na karatasi lakini hakuisoma, alishaijua. Kingamwili za insulini ziko juu. Juu sana, mbali na zinakotakiwa kuishia. Bingwa wa Dar ameona, amekubali: ndizo zinazoishika insulini mchana na kuiachia alfajiri.

Baba Salha akauliza kosa ni la nani. Dakta akasema si la mtu. Si la chakula, si la mama, si la mtoto, si la barafu. Mwili wa Salha unafanya kazi yake ya ulinzi kwa bidii kupita kiasi, na umekosea mtu wa kumkamata.

Nililia. Sikulia kwa furaha, maana ugonjwa bado upo na umekuwa na jina la pili. Nililia kama mtu anayetua mzigo kichwani akagundua shingo ilikuwa inauma.

Salha alikuwa ametulia. Akauliza: "Kwa hiyo mimi siibi?"

Dakta Edna alitoka nyuma ya meza yake, akachuchumaa mbele ya kiti.

"Hujawahi kuiba. Ulisema kweli tangu mwanzo."

Salha akageuka. Hakunigeukia mimi, alimgeukia baba yake. Baba Salha aliangalia dirishani. Kisha akavuta pumzi, akasema, "Nisamehe, mama." Anamwita mama kwa sababu mtoto amepewa jina la marehemu mama yake. Lakini leo alilitamka vingine.

Tumerudi kwa miguu. Salha katikati, mikono yetu yote miwili.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimempigia wifi. Niliona bora asikie kwangu kuliko kwa kaka yake. Nikamweleza yote.

"Na mimi nilimfuata shule," akasema. "Nilimfuata kama mwizi, wifi."

Nikamwambia mimi nilinusa nguo zake.

Akauliza dawa yake ni nini, inapatikana wapi, yeye afanye nini. Huyo ndiye wifi ninayemjua.

Jumatatu, 22 Septemba

Insulini ya aina nyingine imefika. Ni ya kalamu, sindano yenye dawa ndani yake. Dakta Edna aliiomba kwa watu wa Dar wanaosaidia watoto wa kisukari. Wifi ndiye aliyekwenda kuichukua, akaiweka kwenye chupa ya chai yenye maji baridi, akampa nahodha mkononi na kumwapisha.

Mpangilio ni mpya. Sindano ndogo ndogo kabla ya kila chakula, na moja ya asubuhi ya siku nzima. Dozi ni ndogo kuliko zamani. Kuchoma mara nyingi zaidi. Salha amehesabu, akasema ni kazi, lakini kalamu ina rangi nzuri.

Dakta ametuonya. Kingamwili haziondoki kwa kuambiwa. Zinaweza kupungua polepole, miezi, pengine zaidi. Kuna watoto zinawachukua muda mrefu. Tusitarajie maajabu.

Sitarajii. Leo mchana 19. Alfajiri tutaona.

Alhamisi, 25 Septemba

Kliniki. Nesi hakuniomba radhi. Aliponiona nimesimama, viti vimejaa, alivuta kiti chake mwenyewe kutoka nyuma ya meza akaniwekea. Akafanya kazi asubuhi nzima amesimama.

Nimekaa.

Jumapili, 5 Oktoba

Alfajiri 5.8. Jana 6.1. Juzi 4.9. Mchana bado juu, lakini 14, 15, si 23. Mkojo umepungua. Ameongezeka mwili, gauni la wifi linambana kwapani.

Nilimuuliza Dakta Edna kuhusu Ridhi. Kama kingamwili zinapimwa, je, za mdogo wake zinaweza kupimwa sasa, tujue kama naye ataugua? Akasema kwa Ridhi habari ni nyingine, yeye hajawahi kuchomwa insulini, kwake zingekuwa dalili inayotangulia ugonjwa. Inawezekana kupima. Lakini zikionekana, hapa kwetu hakuna dawa ya kuuzuia. Tutajua tu, na tutangoja. Uamuzi ni wetu.

Tumezungumza mimi na Baba Salha tukiwa tunamenya mihogo. Yeye alitaka. Mimi nilisita. Kisha mimi nikataka, yeye akasita. Ridhi alikuwa anavuta gari lake kwenye vumbi, anaunguruma kama mashine ya boti, amejipaka mchanga mpaka kwenye kope.

Tumekubaliana tusipime kwa sasa. Tumejifunza dalili: kiu, mkojo mwingi, kukonda. Tutazitazama. Zikitokea tutakimbia. Lakini nataka kwa muda huu awe mtoto tu, asiwe namba ninayoingoja.

Pengine tunakosea. Nimeandika ili nikumbuke kwamba tulifikiri.

Jumanne, 14 Oktoba

Siku mbaya. Mchana 22 bila sababu. Salha alitupa mashine ukutani, kifuniko kimevunjika, mashine yenyewe imesalimika. Sikumgombeza. Nilitaka kuitupa mimi pia.

Baadaye aliniletea amekiunganisha kifuniko na gundi ya baba yake. Akapima. 16. Akachoma mwenyewe, akaenda kumenya vitunguu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimempeleka Salha kisiwa cha Juani kwa mama yangu. Tangu augue hajalala nje ya nyumba hii, ila wodini. Aliomba mwenyewe, akaomba tena, na Dakta Edna akasema kwa nini isiwe. Mama yangu amejifunza kutoboa kidole. Amekifanyia mazoezi chake mwenyewe mpaka majirani wote wa Juani wamejua sukari ya Bibi ni ngapi.

Maji yalikuwa yametoka, tumeshuka botini mbali na nchi kavu, tukatembea kwenye matope. Binamu zake walikuwa wamekuja mpaka katikati kumpokea. Walimnyang'anya mfuko, wakanipokonya na yeye. Nikawapigia kelele juu ya kalamu ya insulini, isikae kwenye jua. Bibi akasema, "Nimesikia, mwanangu. Nenda, maji yasikuache."

Nimerudi peke yangu. Baba Salha ameenda kwenye mashine yake. Ridhi amelala. Nimefagia, nimefua, nimekaa.

Jioni nimepiga simu. Amepokea anahema.

"Ngapi?"

"Saba nukta mbili. Nimeshapima, nimeshachoma, Bibi ameona."

"Umekula nini?"

"Wali na pweza. Mama, tunacheza rede, wananisubiri, nikitoka tunafungwa."

"Sawa, lakini kabla ya kulala kumbuka..."

Amekata.

Nimeiweka simu mezani. Sikumpigia tena.